Shahada na Kazi: Vyuo Vyetu Vyawiwa Nini na Vijana?

Kila mwisho wa mwaka vyuo vikuu vya nchi yetu hufanya mahafali. Majoho huvaliwa, wazazi hupiga vigelegele, na maelfu ya vijana hukabidhiwa shahada. Wengi kati yao wamesomea mambo ya biashara: uhasibu, masoko, ugavi, fedha na uongozi. Kisha sherehe hupita, picha hutundikwa ukutani, na swali hubaki nyumbani: Sasa mtoto huyu atafanya kazi gani?

Swali hili si la wazazi peke yao. Mwaka 2021 ulianzishwa Tanzania mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, na moja ya shabaha zake ni kurekebisha mitaala ya vyuo vikuu ipatane na mahitaji ya kazi. Katika mazungumzo ya serikali, ya waajiri na ya wakuu wa vyuo, neno moja hurudiwa daima: vijana wapewe stadi zitakazowafanya waajirike.

Neno hilo ni jema, lakini lina pande mbili, na Mkristo hana budi kuzipima zote. Upande mmoja mna swali la haki: Je, chuo kilichopokea ada chawiwa nini na kijana? Upande wa pili mna swali la utu: Je, mtu hupimwa kwa kuajirika kwake? Anayejibu swali la kwanza akalisahau la pili atawalea watumishi wepesi wasio na dhamiri. Naye anayejibu la pili akalidharau la kwanza atawalea wenye maneno mazuri na mikono mitupu.

DENI LA HAKI

Tuanze na haki. Tangu kale walimu wa Kanisa wamefundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Mwanafunzi wa biashara ana kitu gani kilicho chake mbele ya chuo? Ametoa miaka mitatu ya ujana wake. Baba yake pengine ameuza ng'ombe, au kahawa ya misimu miwili. Mama yake amekopa katika kikoba. Tena, kama amesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 yamtaka, akisha kuajiriwa, akatwe asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Chuo hakiwezi kumwambia mtu huyo, "Sisi tumekwisha kufundisha, kama huwezi kutenda, shauri yako." Seremala aliyelipwa fedha za mlango hawezi kumkabidhi mtu mbao.

Hatusemi kwamba chuo chawiwa kumpa kijana kazi. Hakuna chuo kiwezacho kuahidi kazi, na kile kinachoahidi hivyo katika matangazo yake chawadanganya watu. Twasema kwamba chawiwa kumpa uwezo wa kufanya kazi. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya kumeleta ugomvi mwingi usio wa lazima.

Wala jambo hili si geni kwetu. Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, kwa sababu nchi changa ilihitaji watu wa kushika vitabu vya hesabu na kuendesha biashara. Miaka mitano kabla ya hapo, huko Nyegezi karibu na mji wa Mwanza, Askofu Joseph Blomjous wa Wamisionari wa Afrika alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akiikemea elimu inayomtenga kijana na kazi za watu wake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaenda mbali zaidi, likataka vijana wapate kwanza kufanya kazi ndipo waingie chuo kikuu. Utaratibu huo haukudumu, lakini swali lililouzaa lingalipo. Wahenga walikwisha kulijibu kwa maneno machache: elimu bila amali ni kama nta bila asali.

STADI NI MAZOEA MEMA

Basi stadi zenyewe ni zipi? Ukiwasikiliza waajiri, utaona kwamba lalamiko lao kubwa si kuwa kijana hajui maana ya mtaji au faida. Hulalamika kwamba hawezi kuandika barua fupi ikaeleweka. Akipewa kazi pamoja na wenzake, huwaachia mzigo. Akikosea hesabu, huficha mpaka kosa linakuwa hasara. Akikuta jambo lisilokuwamo kitabuni, hukaa akingoja kuambiwa la kufanya.

Itazameni vizuri orodha hiyo, ndugu wasomaji. Kueleza jambo wazi ni kumheshimu anayesikiliza. Kutimiza sehemu yako katika kazi ya wengi ni haki. Kukiri kosa mapema ni ukweli wenye ushujaa. Kuamua lifaalo pasipo kuambiwa ni busara. Haya yanayoitwa leo stadi za kuajirika, kwa sehemu kubwa, ni zile fadhila za kale zilizovalishwa nguo za ofisini. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, alifundisha jinsi fadhila za namna hii zinavyopatikana: mtu hupata tabia ya haki kwa kutenda haki mara nyingi, kama vile mjenzi anavyopata ujenzi kwa kujenga.

Hapo ndipo njia rahisi inaposhindwa. Chuo kikiambiwa kwamba wanafunzi wake hawana stadi, mara nyingi huongeza somo moja la stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza. Wanafunzi mamia hukusanyika ukumbini, hunakili maelezo juu ya namna ya kuzungumza vizuri, hufanya mtihani wa kuandika, na tangu siku hiyo hakuna awaulizaye tena. Au mzigo wote huwekwa juu ya majuma machache ya mafunzo kwa vitendo, ambayo kijana huenda akayamaliza kwa kutumwa chai na kudurufu karatasi, kisha daftari lake likagongwa muhuri. Hakuna aliyejua kuogelea kwa kusomewa habari za ziwa.

Kanisa lina mazoea yake katika jambo hili. Katika seminari kuu hakuna somo liitwalo uaminifu lenye mtihani wa saa tatu. Uaminifu wa frateri hutazamwa jikoni, shambani, uwanjani na kanisani. Hutazamwa katika jinsi anavyotunza funguo na fedha kidogo alizokabidhiwa. Tena hupelekwa parokiani kwa mwaka wa uchungaji, kisha akarudi darasani na maswali ambayo vitabu peke yake visingemfundisha kuyauliza. Mwongozo wa malezi ya mapadre uliotolewa Roma mwaka 2016 wasisitiza kwamba malezi ya kiutu, ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji yaende pamoja. Hatutaki vyuo vikuu vigeuzwe seminari. Twataka tu kuonyesha kwamba linalotakiwa liwe tabia lazima litiwe katika kazi yote ya kila siku, wala lisitengewe kipindi chake pembeni.

NAMNA YA KUZITIA KATIKA MASOMO

Tutoe mfano mmoja. Mwalimu wa uhasibu awape wanafunzi wanne wanne hesabu za kweli za duka la mtaani, kwa ruhusa ya mwenyewe na kwa ahadi ya kutunza siri yake. Vijana hao watakuta daftari lililoandikwa kwa penseli, risiti zilizolowa, mikopo isiyoandikwa popote, na simu iliyojaa ujumbe wa malipo. Mwenye duka atawaambia, "Nauza sana, lakini fedha siioni." Mwanafunzi aliyekariri atanyamaza. Aliyefunzwa vema ataanza kupekua: bidhaa nyingine zimekopeshwa kwa majirani, fedha nyingine imelala ghalani katika mali isiyotoka, nyingine imelipa ada ya watoto bila kuandikwa. Faida imo katika daftari, lakini fedha haimo katika kisanduku.

Sasa itawapasa wamweleze mwenye duka kwa Kiswahili chepesi, ijapokuwa wao walisomeshwa kwa Kiingereza. Kazi hii ni ngumu kuliko wengi wanavyodhani. Asiyeweza kumweleza mama muuza nafaka tofauti kati ya faida na fedha iliyopo mkononi, huenda yeye mwenyewe hajaielewa bado. Kisha waandike taarifa ya ukurasa mmoja, waisome mbele ya wenzao na mbele ya mwenye duka, waulizwe, wajibu. Kila mmoja apimwe kwa sehemu yake, ili mvivu asibebwe mgongoni mwa wenziwe. Alama zigawanywe: nyingine kwa usahihi wa hesabu, nyingine kwa uwazi wa maelezo, nyingine kwa kutimiza siku iliyoahidiwa.

Katika kazi hiyo moja hesabu imefundishwa, na pamoja nayo usemi, ushirikiano, utunzaji wa siri na uamuzi. Hakuna somo lililoongezwa. Somo la ugavi laweza kufanya vivyo hivyo kwa kuwapa wanafunzi zabuni tatu wazilinganishe na kutetea chaguo lao. Somo la masoko kwa kuwatuma wasikilize kwanza mnunuzi anataka nini.

Lakini tuseme wazi kwamba jambo hili lina gharama. Mwalimu mwenye wanafunzi mia tano hawezi kusoma na kusahihisha taarifa zao kila juma. Wenye vyuo, na Kanisa letu ni mmoja wao, watalazimika kuchagua: ama kupokea wanafunzi wachache zaidi, ama kuajiri walimu wengi zaidi, na kumheshimu mwalimu anayelea kama wanavyomheshimu yule anayeandika makala. Anayetaka stadi bila kulipa gharama hiyo ataishia kubadili maneno ya mtaala tu.

JE, CHUO KIKUU KITAKUWA KARAKANA?

Wengine watatupinga wakisema kwamba chuo kikuu ni mahali pa kutafuta ukweli, wala si karakana ya waajiri. Watamtaja Mtakatifu John Henry Newman, aliyetoa mihadhara yake juu ya chuo kikuu huko Dublin mwaka 1852, akitetea kwamba elimu ina thamani yake yenyewe hata kabla ya kuleta faida. Pingamizi hili lina uzito, nasi twaliheshimu. Lakini huyo huyo Newman aliamini pia kwamba akili iliyofunzwa kufikiri sawasawa, kusema wazi na kuwaelewa wengine humfaa mtu katika kazi yoyote atakayoishika. Kijana anayejifunza kupima ushahidi wa daftari chafu na kusema ukweli juu yake hajaacha kutafuta ukweli. Ameutafuta dukani.

Tena nyakati zetu zaongeza sababu nyingine. Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, alieleza kwamba alichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyeandika waraka Rerum Novarum mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi. Akasema kwamba akili mnemba yaleta leo maswali mapya juu ya utu, haki na kazi. Mashine zaweza kujumlisha, kupanga na hata kuandika barua upesi kuliko karani yeyote. Lakini mashine haina dhamiri, wala haitasimama mbele ya Mungu kutoa hesabu. Chuo kinachomfundisha kijana kujumlisha tu chamwandaa kushindana na mashine. Kinachomfundisha kuamua na kuwajibika chamwandaa kuwa mtu.

STADI AMBAYO HAKUNA AITANGAZAYE

Hapa twafika kwenye moyo wa jambo. Kuna stadi moja ambayo hatujapata kuiona katika tangazo lolote la kazi: nayo ni kujua kukataa.

Mhasibu kijana ameajiriwa. Mwezi wa tatu mkuu wake amwambia aandike vitabu viwili, kimoja cha kweli na kingine cha mtoza kodi. Au ofisa ugavi aambiwa kwamba zabuni imekwisha kupata mwenyewe, na kazi yake ni kutengeneza karatasi zifanane na ushindani. Kwa kipimo cha kuajirika peke yake, kijana bora ni yule atakayeandika upesi na vizuri. Anajua kompyuta, anajua kushirikiana, anamtii mkubwa wake. Stadi zote anazo!

Bwana wetu Yesu Kristo alisimulia habari za wakili wa namna hiyo katika Injili ya Luka. Aliposikia kwamba atafukuzwa, aliwaita wadeni wa bwana wake, akampunguzia mmoja vipimo vya mafuta kutoka mia hadi hamsini, na mwingine vipimo vya ngano kutoka mia hadi themanini. Alikuwa mwepesi wa kuamua, hodari wa kupatana na watu, mwenye kuona mbele. Bwana wake aliusifu werevu wake. Lakini Injili yamwita wakili dhalimu. Werevu usio na haki haujakosa stadi. Umekosa bwana wa kuzitawala.

Ndiyo maana twasema kwamba majaribu haya yaingizwe katika masomo yenyewe. Wanafunzi wapewe vitabu viwili vya hesabu na waulizwe: Ungemwambia nini mkuu wako, kwa maneno gani, na sheria yasemaje? Anayekutana na jaribu hilo kwanza mbele ya mwalimu wake, akapata nafasi ya kutafuta maneno ya adabu na yenye msimamo, hatakuwa bubu siku atakapokutana nalo akiwa na kodi ya nyumba ya kulipa na mama wa kumtunza.

Siku hizi vijana huambiwa wajifunze kujiuza kwa waajiri. Katika lugha yetu, mtu kujiuza ni neno la aibu, na lugha haikukosea. Kazi huuzwa, mtu hauzwi. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba heshima ya kazi yatoka kwanza kwa mtu aitendaye. Kijana apeleke sokoni ustadi wake, maana chema chajiuza. Nafsi yake aibakize mikononi mwa Mungu.

WALIOSIMAMA SOKONI

Jambo moja la mwisho lisisahauliwe, maana ni rahisi kumwonea asiye na kazi. Tukisema kila siku kwamba vijana hawana stadi, twaweza kuwafanya waamini kwamba ukosefu wa kazi ni kosa lao wenyewe. La hasha! Stadi humwezesha mtu kuishika kazi iliyopo. Haziumbi kazi isiyokuwapo. Wako vijana waliosoma vema, wenye adabu na bidii, wanaopeleka barua mwaka mzima bila kujibiwa. Katika Injili ya Matayo, mwenye shamba la mizabibu aliwakuta watu wamesimama sokoni hata saa ya kumi na moja. Alipowauliza sababu, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hakuwakaripia, wala hakuwaambia kwamba kasoro ni yao. Aliwapeleka shambani, akawalipa.

Basi kila mmoja ashike wajibu wake. Vyuo vifundishe kwa kutenda, vikianza na vyuo vyetu vya Kanisa, visivyo na udhuru. Waajiri waache kudai uzoefu wa miaka mitatu kwa mtu aliyemaliza masomo jana, na wale wanaopokea wanafunzi wa mafunzo wawape kazi ya kweli na mtu wa kuwaongoza. Maparokia yawakaribishe vijana wa biashara wasaidie kupanga hesabu za vigango na vikundi vya akiba; huko watajifunza, nasi tutafaidika. Wazazi msingoje chuo kikuu: mtoto atumwaye dukani akarudisha chenji kamili, na kusema mwenyewe kwamba amevunja kikombe, amekwisha kuanza somo hili.

Nanyi wanafunzi, msingoje mtaala ubadilishwe. Ifanyeni sehemu yenu ya kazi ya kikundi, andikeni kila taarifa kana kwamba kuna mtu atakayeitegemea, na semeni kweli katika mambo madogo. Mtakatifu Paulo alikuwa msomi mkubwa wa Sheria, naye alishona mahema kwa mikono yake. Mtakatifu Yosefu, ambaye mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII alimwekea sikukuu ya Mei Mosi, hakuandikiwa hata neno moja alilolisema. Twamjua kwa kazi yake na kwa haki yake. Awaombee vijana wetu wapate kazi, na wakiisha kuipata, waifanye kwa namna ambayo hawataona haya kuitolea hesabu.